Nililipia kipimo, nikaletewa hukumu: uzoefu wangu na fundi wa laptopu

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya skana, kifaa kinachosoma misimbo ya hitilafu za mtambo, si ya aliyeishika.

Huduma ninayoizungumzia ni ya fundi anayekuja na laptopu hadi mtambo ulipo ili kutafuta hitilafu za mawasiliano kati ya kontrola, yaani kompyuta ndogo zinazoongoza injini, pampu na sehemu nyingine. Mtambo wangu ni ekskaveta ya mtumba, na ukinunua mtumba unanunua pia kila kitu ambacho waliokutangulia walichomeka, walikata na kufunga kwa utepe. Ugonjwa wake ulikuwa huu: katikati ya kuchimba geji zote kwenye skrini zinageuka vistari, king'ora kinalia, injini inashuka yenyewe hadi mzunguko wa chini kabisa. Unazima, unawasha, inarudi kama hakikutokea kitu. Kuna siku inatulia kutwa nzima, kuna siku haijazi hata lori la kwanza. Heri injini ingekufa kabisa, ningejua moja.

Fundi alikuja mvua zikiwa zinakatika. Akachomeka plagi kwenye ile soketi ya duara yenye pini tisa, akabofyabofya, na laptopu ikiwa bado inasoma akatamka, "Kontrola ya injini imekufa. Badilisha."

Opereta wangu, kijana anayekaa ndani ya ile kabini kuanzia asubuhi hadi jioni, akasema kwa adabu, "Samahani fundi, mara nyingi inatokea nikipita kwenye mawe, kabini ikitikisika." Yule bwana hata shingo hakugeuza. "Dogo, wewe kaa na leva zako. Kompyuta tuachie wenyewe."

Hapo damu ikanichemka. Mtu anakupa dalili bure, tena dalili inayoelekeza moja kwa moja kwenye waya au kiungo kilicholegea, nawe unamnyamazisha! Nikajizuia, nikamwomba achukue tu mita ya umeme apime nyaya. Akacheka. "Bosi, hizi si taa za trekta. Mitambo ya siku hizi haipimwi na mita."

Haipimwi? Mimi si fundi wa umeme, lakini hili najua. Mazungumzo yote ya kontrola hizo yanapita kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, CAN-H na CAN-L, mara nyingi ya njano na ya kijani. Bosch waliutangaza mfumo huu, unaoitwa CAN, mwaka 1986, kwa hiyo asinifanye nione ni uchawi uliofika jana. Kila mwisho wa njia kuna resista, kijipande kinachopinga umeme, ya omu 120 (omu ni kipimo cha upinzani huo). Kwa kuwa mbili hizo zimekaa sambamba, mita inatakiwa isome 60. Ikisoma 120, resista moja imetoweka au waya umekatika mahali. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Unazima swichi kuu ya betri, unaweka ncha za mita kwenye pini C na D za soketi ileile aliyochomeka laptopu yake, basi. Hata kuvua glavu si lazima.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwa linamkodolea macho kwenye skrini yake mwenyewe. Kontrola ya pampu ilikuwa inalalamika kwamba haiisikii injini. Skrini ya kabini inalalamika haisikii injini wala pampu. Na injini, hiyo anayodai imekufa, nayo ilikuwa imeandika malalamiko yake kwamba haiwasikii wenzake! Maiti anaandika barua? Watu wa chumba kizima wakisema hawasikiani, humtoi mmoja nje, unatafuta kelele inatoka wapi. Kwenye misimbo hiyo, SPN ni namba ya sehemu yenye tatizo, FMI ni aina ya tatizo. SPN 639, ambayo ni mtandao wenyewe, ilijitokeza kwenye zaidi ya kontrola moja. Karibu kila msimbo uliishia na FMI 9, yaani taarifa haziji kwa kasi inayotarajiwa. FMI 12, ile inayokinyooshea kidole kifaa chenyewe kwamba ni kibovu, haikuwepo hata moja.

Alipoondoka nikachukua mita mwenyewe. Ikasoma karibu 40.

Omu 40 maana yake kuna resista ya tatu, kwa sababu 120 ukigawa kwa tatu ndiyo 40. Kiwandani hawaweki tatu. Tukaanza kufuata nyaya, na nyuma ya kiti tukakuta kisanduku cha GPS cha mwenye mali wa zamani, kimekufa hata taa hakiwashi, lakini resista yake ya ndani bado imo kwenye njia. Aliyekifunga alichuna waya wa njano na wa kijani, akaunganisha nyaya zake kwa vidole na kuviringisha utepe. Utepe ulishaachia, unyevu umeingia, shaba imeota kutu ya kijani, na mtikisiko ukifanya kazi yake kiungo kinashika na kuachia. Nikipita kwenye mawe, alisema kijana. Tulikitoa, tukakata sehemu iliyoliwa, tukalehemu, tukavisha mrija unaosinyaa kwa joto na kuzisokota nyaya upya kama zilivyokuwa. Mita ikasoma 60. Mtambo haujazima skrini tena.

Sasa nisiwe dhalimu. Bila orodha yake ya misimbo ningetafuta gizani, na skana ile inaongea na mitambo ya kampuni nyingi, si kitu cha kubeza. Alifika saa aliyoahidi, jambo ambalo kwa mafundi ni nusu ya uungwana. Labda nyota mbili. Nikiwa nimeshiba na nimelala vizuri, hata tatu.

Halafu nakumbuka alivyoondoka. Kabla ya kuchomoa plagi alifuta misimbo yote bila kuniuliza, eti "nimekusafishia, bosi". Kila hitilafu, imejirudia mara ngapi, mtambo ukiwa na saa ngapi za kazi, vyote vimekwenda. Kama kijana asingepiga skrini picha kwa simu yake wakati fundi anajibu simu, hayo yote ya SPN na FMI nisingekuwa nayo. Na garini, kwa bahati njema kabisa, alikuwa na kontrola ya mtumba "inayofanana na yako", iliyotolewa kwenye mtambo mwingine, yenye data za mtambo mwingine. Sifuri, kama inaruhusiwa.

Juzi amepiga simu kuuliza kama pesa ya kontrola imeshapatikana. Nikampa opereta simu waongee, nikatoka nje.