Uzoefu Wangu na Kadi ya Sauti ya USB Katika Kompyuta Kuukuu

Kadi ya sauti ninayoizungumzia hapa ni kile kifaa kidogo chenye umbo la flashi, ambacho upande mmoja huchomekwa kwenye tundu la USB na upande wa pili kina matundu mawili ya milimita 3.5, moja la kijani kwa ajili ya spika au hedifoni na jingine la waridi kwa ajili ya maikrofoni. Nimekitumia kwa miezi minane katika kompyuta ya mezani ya mwaka 2010, iliyokuja na Windows 7 na ambayo baadaye niliipandisha hadi Windows 10. Kimeniondolea tatizo nililokuwa nalo la kusikiliza, lakini kuna kazi moja ninayoithamini sana ambayo hakiwezi kuifanya. Nitaeleza kwanza tatizo lenyewe lilivyokuwa, kwa sababu mtu anayenunua kifaa hiki bila kujua ugonjwa wa kompyuta yake anaweza kukilaumu bure au kukisifu bure.

Kompyuta hii naitunza kwa sababu ya kaseti. Bibi yangu aliacha kaseti 31 alizorekodi mwenyewe akisimulia habari za ukoo wetu, nami nimekuwa nikizihamisha moja baada ya nyingine ziwe faili, kwa kuunganisha redio kaseti na tundu la buluu lililoko nyuma ya kompyuta. Tundu hilo hupokea sauti ya stirio kutoka kifaa kingine, na kompyuta nyingi mpya za kupakata hazina tena. Ndiyo maana watu waliponishauri niitupe kompyuta hii ninunue nyingine, sikukubali.

Jioni moja faili za bibi zilikataa kulia. Nyimbo ziliendelea kulia, ila kwa namna ya ajabu: ala zilisikika kwa mbali, kana kwamba zinapigwa ndani ya pipa, na sauti ya mwimbaji ilikuwa imefifia hadi karibu kupotea. Nilipofungua rekodi ya bibi, alama ya kipimo cha sauti ilipanda na kushuka kwenye skrini kama kawaida, lakini spika zilitoa uvumi hafifu tu. Niliingiwa na hofu kubwa, kwa kuwa kaseti mbili kati ya zile nilizokwisha kuzihamisha zilikatika utepe baadaye, na faili hizo ndizo nakala pekee zilizobaki za maneno yaliyomo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba ugonjwa umo kwenye programu. Niliangalia kifaa gani kimechaguliwa kutoa sauti, nikakuta kweli Windows imeichagua monita iliyounganishwa kwa waya wa HDMI, ingawa monita yangu haina spika ndani yake. Nikarudisha chaguo kwenye spika, na hali haikubadilika. Niliiwasha upya huduma ya Windows Audio. Nilizima vikorombwezo vyote vya kuboresha sauti, ambavyo kwa kawaida huwa vya kwanza kushukiwa pale sauti inaposikika kama imetoka pangoni. Kisha niliiondoa draiva ya sauti, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kadi, na kuisakinisha upya, kazi iliyonichukua jioni mbili kamili, kwa sababu mtengenezaji wa ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, aliacha kutoa draiva tangu enzi za Windows 7, na ile inayoletwa na Windows 10 yenyewe ni ya jumla, haina kurasa za mipangilio nilizozizoea. Hatua zote hizi ni halali na zinafaa kufanywa, lakini nilizifanya kabla ya wakati wake.

Jambo ambalo ningelifanya tangu dakika ya kwanza ni kuchomoa pini ya spika kwenye kompyuta na kuichomeka kwenye simu. Nilipofanya hivyo siku ya tatu, spika zililia vizuri. Nikanakili rekodi moja ya bibi kwenye simu, na sauti yake ikajaa chumba kizima, kila neno mahali pake. Katika dakika tano nilikuwa nimejua kwamba spika ni nzima, waya ni mzima, na faili ni nzima, mambo matatu ambayo jioni mbili za draiva hazikuweza kuniambia.

Nilirudisha pini kwenye tundu la kijani nyuma ya kompyuta, nikaacha rekodi ikiendelea, na bila kukusudia nikaisukuma pini pembeni kidogo kwa kidole gumba. Sauti ya bibi ilirudi ghafla katikati ya sentensi. Nilipoachia kidole, ikatoweka. Nilisukuma tena, ikarudi. Nilikaa pale chini ya meza kwa muda mrefu nikiwa nimeibana pini ile, nikimsikiliza, kwa sababu sasa nilikuwa nimeuona ugonjwa kwa macho na kwa masikio.

Pini ya kawaida ya spika ina sehemu tatu zilizotengwa kwa pete nyembamba nyeusi: ncha hubeba sauti ya kushoto, pete ya kati hubeba sauti ya kulia, na shina hubeba waya wa pamoja ambao pande zote mbili huutegemea kurudisha umeme. Tundu langu la kijani, baada ya miaka mingi ya kuchomeka na kuchomoa, lilikuwa limelegea mahali linapogusana na shina. Waya wa pamoja ukikatika, spika hazipokei tena sauti ya kushoto na ya kulia kila moja peke yake, bali hupokea tofauti kati ya hizo mbili. Chochote kilicho sawa pande zote hujifuta chenyewe. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati, sawa kushoto na kulia, kwa hiyo hufifia, na ala zilizowekwa pembeni hubaki. Rekodi za bibi ni za mono, yaani kushoto na kulia ni kitu kimoja, kwa hiyo zilijifuta zote. Ikiwa kompyuta yako inapiga muziki usio na mwimbaji, au inakataa mazungumzo ya watu huku ikikubali nyimbo, tafadhali itazame pini na tundu kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Nilijaribu tundu la mbele la kompyuta. Lilitoa sauti kamili, lakini likaja na mlio mwembamba uliobadilika kila niliposogeza kipanya, na mkwaruzo kila diski ngumu ilipofanya kazi. Hili ni jambo la kawaida katika kompyuta za zamani: waya unaopeleka sauti mbele hupita ndani ya kasha, karibu na diski na nyaya za umeme, na huokota kelele njiani. Kwa nyimbo ningeweza kuvumilia. Kwa sauti ya mtu mzee anayezungumza kwa utulivu na kunyamaza mara kwa mara, mlio ule uliujaza kila ukimya wake. Kuhusu kulehemu tundu la nyuma upya, kungehitaji kuutoa ubao mama wote, na sikutaka kuhatarisha tundu la buluu lililo jirani yake, ambalo bado lilikuwa likifanya kazi.

Hapo ndipo nilipopata kadi ya USB. Niliichomeka, na baada ya sekunde chache Windows iliitambua na kuiorodhesha miongoni mwa vifaa vya sauti bila kuniomba draiva yoyote. Vifaa vya namna hii vingi hufuata kanuni ya pamoja ya sauti kwa USB iliyowekwa tangu mwaka 1998, na mifumo endeshi yote mikubwa huja na draiva yake ndani. Kwa mwenye kompyuta kuukuu hili ni jambo zito, kwa kuwa humwondolea utumwa wa kutafuta draiva ambayo mtengenezaji ameisahau. Niliwasha pia Linux, mfumo endeshi mwingine usio Windows, kutoka kwenye flashi ili kujaribu, na kadi ikalia huko vilevile. Wala kasi ya tundu la USB isimtie mtu wasiwasi: sauti ya stirio ya biti 16 kwa sampuli 48,000 kwa sekunde huhitaji biti zipatazo milioni 1.5 tu kwa sekunde, ilhali hata USB ya zamani ya 1.1 hupitisha hadi milioni 12.

Siku mbili za kwanza hazikuwa shwari kabisa. Sauti ilikuwa ikikatika kwa mkato mdogo kama wa kucha kwenye karatasi, hasa baada ya kimya kirefu. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, nilikuwa nimeichomeka kwenye kifaa kile cha kugawa tundu moja la USB kuwa manne, ikigombea nafasi na diski ya nje. Nilipoihamishia kwenye tundu la nyuma lililo moja kwa moja kwenye ubao mama, mikato mingi iliisha. Pili, Windows ilikuwa ikilizima tundu la USB ili kuokoa umeme kila sauti inaponyamaza. Nilipoondoa ruhusa hiyo katika mipangilio ya umeme, mikato iliyosalia nayo ikaisha. Tangu hapo haijarudi hata mara moja.

Ubora wa sauti umenishangaza kwa wema. Mlio wa kipanya haupo, wala mkwaruzo wa diski, kwa sababu sauti hubaki katika hali ya tarakimu mpaka ifike ndani ya kadi, nje kabisa ya kasha lenye kelele. Kwa hedifoni ninazozivaa masikioni nasikia mchemko mwembamba sana pale ambapo hakuna kinacholia. Kwa spika siusikii hata nikisogeza sikio karibu. Besi si nzito kama ya kadi kubwa za kuchomekwa ndani ya kompyuta, na mtu anayetengeneza muziki hatatosheka nayo. Mimi nasikiliza masimulizi, na katika masimulizi kadi hii inanipa hata pumzi ya bibi kabla ya kuanza sentensi, na mlio wa kiti chake.

Sasa kasoro, ambazo nazisema kwa uwazi kwa sababu ningependa kuzijua kabla. Kasha ni la plastiki jepesi, na ni pana kiasi kwamba linaziba nusu ya tundu la jirani. Kifaa hujitokeza nje, hivyo mtu akiisukuma kompyuta ukutani anaweza kukivunja pamoja na tundu lenyewe. Nimekiongezea waya mfupi wa USB ili kilale juu ya meza. Tundu la maikrofoni ni la mono na ni dhaifu, ingawa latosha kwa mazungumzo ya video. Kubwa kuliko yote, hakina tundu la buluu. Nilijaribu kuunganisha redio kaseti na tundu la waridi, na matokeo yalikuwa mabaya: sauti ilipasuka kwa kuzidi nguvu, kwa kuwa tundu la maikrofoni limetengenezwa kwa ishara ndogo sana na hukuza kila kinachoingia. Nilipoishusha redio hadi karibu na sifuri, mpasuko ulipungua lakini mchemko wa utepe ukaja juu. Asijaribu mtu njia hiyo kwa rekodi anazozipenda. Zipo kadi za nje zenye matundu ya kupokea stirio, na mwenye lengo la kuhamisha kaseti peke yake atafute hizo.

Kwa hiyo leo kompyuta yangu ina kadi mbili zinazogawana kazi. Kurekodi hufanyika kwa tundu la buluu la kadi ya zamani iliyo kwenye ubao mama, na kusikiliza hufanyika kwa kadi ya USB. Windows inaruhusu mgawanyo huo bila taabu, mradi uchague kifaa cha kutoa sauti na kifaa cha kuingiza sauti kila kimoja mahali pake, na programu ya kurekodia nayo iambiwe hivyohivyo, kwa sababu yangu iling'ang'ania kadi ya zamani kwa pande zote mbili mpaka nilipoifungua upya.

Kuna faida nyingine ya kadi hii ambayo sikuifikiria nilipoinunua, nayo ni kuwa chombo cha kupimia. Kompyuta ya jirani ilipokuwa bubu, nilikwenda nayo mfukoni. Niliichomeka, nikachagua kifaa hicho kitoe sauti, na kompyuta ikalia papo hapo. Kwa jaribio hilo moja tulijua kwamba faili, programu na huduma za sauti za mfumo endeshi ni nzima, na kwamba tatizo limebaki kwenye kadi yake ya ndani au draiva ya kadi hiyo. Tulikuta kadi hiyo haimo kabisa katika orodha ya vifaa, tukaingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, na pale ikaonekana imezimwa. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ilikuwa imekufa, saa ya kompyuta ilikuwa ikirudi nyuma kila inapochomolewa umeme, na mipangilio nayo ilikuwa ikipotea pamoja nayo. Tulibadilisha betri, tukaiwasha kadi ya ndani, na jirani hakuhitaji kununua chochote kingine. Kama kadi ya USB nayo ingebaki kimya, tungejua kwamba tuanze na mfumo endeshi, na hapo ndipo jioni za kusakinisha draiva na kuwasha upya huduma zinapostahili kutumika.

Kwa mwenye kompyuta ya zamani ambaye tundu lake la spika limelegea, au ambaye anasikia milio ya ndani ya kasha, naipendekeza kadi hii bila kusita. Kwa anayetaka kurekodi kwa stirio, siipendekezi. Kwangu mimi kaseti 19 kati ya 31 zimekwisha kuhamishwa, zile mbili zilizokatika utepe nimezinakili kwenye diski mbili tofauti, na pini ya spika ni nadra kuchomolewa kwenye kadi.