Uzoefu wangu na juisi ya epo ya dukani, na ile stata ya hamira niliyoisumbukia nusu bure

Wadau, huu mwezi wa nne sasa natengeneza saida ya kilevi nyumbani, saida ile ya matufaha siyo jina la mtu, na kila ninayemuonjesha anauliza umetumia hamira gani, hajatokea hata mmoja akauliza juisi gani. Na mimi nilianza hivohivo, kichwa chote kiko kwenye hamira, nikaagiza pakiti ya EC-1118 ya Lalvin, ile ya shampeni, nikaisubiri kama mgeni wa mbali, alafu juisi nikabeba ya kwanza niliyoiona shelfuni kwa sababu ilikuwa na picha ya epo limekatwa katikati na neno halisi kwa herufi kubwa. Nikaimimina lita 5 kwenye dumu la kioo, nikatia hamira, nikafunga na kile kizibo chenye kamrija ka maji ka kutolea gesi, nikakaa kusikiliza.

Kimya. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu nikawa naamka usiku kulimulika na tochi ya simu, nikalitikisa, nikalivalisha sweta nikidhani linasikia baridi. Siku ya sita ndo nikaenda kuokota boksi la juisi kwenye takataka nikasoma yale maandishi madogo ya ubavuni, kumbe mwisho kabisa pameandikwa E202. Hiyo ni potasiamu sobeti, kihifadhi, kazi yake kuzuia hamira na ukungu visizaliane. Yani nimealika mgeni alafu nimefunga mlango kwa ndani.

Kwaio tathmini yangu ya juisi inaanzia ubavuni mwa boksi, siyo mbele. Ukiona E202 au E211 (hiyo ya pili ni sodiamu benzoeti) rudisha shelfuni, usijadiliane nayo. E300 usiiogope, ni vitamini C tu, na E330 ni ile asidi ya limau, hamira haina shida nazo. Kuchemshwa kiwandani pia siyo tatizo, mi nilikuwa naamini juisi iliyopitishwa motoni imekufa, lakini kinachokufa ni vijidudu na sisi tunataka vife, tutaleta vya kwetu. Hata ile iliyopunguzwa maji kiwandani alafu ikarudishiwa inachacha vizuri tu. Ninayoikataa ni ile wanayoiita nekta au kinywaji cha epo, humo kuna maji na sukari ya kuongezewa, pombe utaipata ndio ila ladha ya tufaha utaitafuta kwa darubini.

Sukari nayo ipo kwenye lebo, iangalie. Yangu inasoma gramu 11 kwa kila mililita 100, na haidromita, kile kifaa cha kuelea kinachopima uzito wa juisi ukilinganisha na maji (maji ni 1.000), ikanipa 1.046 kabla sijatia kitu chochote. Ikishuka mpaka 1.000 unatoa, tofauti ni 0.046, unazidisha kwa 131, inakuja kama asilimia 6 ya kilevi, bila kuongeza hata kijiko cha sukari. Watu wanaorundika sukari humo sijui wanakimbilia wapi, inatoka kali na nyembamba, ladha yote imekimbia. Kati ya juisi angavu na ile yenye mawingu mi nachagua ya mawingu, inaacha machicha mengi chini ya dumu lakini harufu ya tunda inabaki mpaka kwenye glasi.

Sasa stata, yani hamira unayoilea kwanza pembeni kwenye juisi kidogo kabla ya kuitia dumuni. Hapa ndo nilipopoteza muda mwingi kuliko kote. Lile dumu la kwanza nilijaribu kuliokoa, nikafikiri kama sobeti inazuia tu kuzaliana basi nitalizalishia huko nje nilete jeshi zima. Nikachukua nusu lita ya juisi nzuri, nikatia hamira mpya, nikailea siku mbili mpaka ikawa inatoa povu kama sabuni, nikaimimina yote kwenye lile dumu. Mkaona? Lilianza kweli! Usiku huohuo kamrija kakaanza kulia blup blup, nikajiona profesa, nikaenda kulala na furaha zangu. Likashuka mpaka 1.030 likasimama, wiki nzima halisogei, halijawa juisi halijawa saida, tamu tamu chachu chachu, nikamwaga sinki.

Raundi ya pili nikataka kujua ukweli kuhusu hii stata, nikanunua juisi safi ileile, madumu mawili ya lita 5, hamira aina moja. Dumu la kwanza nikalitengenezea stata kwa saa 24, la pili nikaloweka tu hamira kavu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 nikatia. Lenye stata likaanza kutoa mapovu baada ya saa 4 hivi, lile jingine nililikuta asubuhi linafanya kazi. Baada ya wiki mbili yote yako 1.000, nikamimina glasi mbili nikafumba macho nikaambiwa nionje, nikakosea. Nikarudia, nikakosea tena.

Yani stata ni kama kusukuma gari, ukisukuma lenye betri nzima litawaka, ila lingewaka tu. Hamira kavu ya pakiti inatoka kiwandani na akiba yake ya chakula tumboni na ni nyingi ya kutosha, gramu 5 za EC-1118 zinatosha dumu la lita 20 na zaidi, sisi tunazitia kwenye lita 5. Ukiizungusha kwanza kwenye kikombe cha juisi unaifanya imalize akiba yake kabla ya kazi yenyewe. Inayohitaji kusukumwa ni hamira ya maji, hasa iliyokaa frijini muda mrefu, au pakiti iliyokaribia tarehe ya mwisho ambayo huiamini.

Kuloweka ndo nashauri, na hapo joto ndo kila kitu. EC-1118 inataka maji ya karibu nyuzi 40, hamira ya bia kama S-04 inataka yaliyopoa zaidi, 25 mpaka 29, nyuma ya pakiti wameandika. Maji matupu, siyo juisi, maana sukari inaibana wakati ndo inaanza kunywa maji. Nyunyizia juu, usikoroge hapohapo, utaona inazama vipande vipande alafu inapanda tena rangi ya krimu na harufu kama ya mkate. Alafu usiitoe kwenye nyuzi 40 ukaitupa kwenye juisi iliyotoka frijini, itashtuka. Mi naongeza kijiko kijiko cha juisi kwenye kikombe mpaka joto likaribiane.

Kama ni lazima stata basi changanya mililita 300 za juisi na 150 za maji yaliyochemshwa yakapoa, weka chembe ya lishe ya hamira, tia hamira, funika na foili legelege, itikise kila ukipita karibu maana hapo inataka hewa. Chombo kiwe kimeoshwa kikapitishwa dawa, nimeshapata stata yenye harufu ya siki na sikuwa na wa kumlaumu.

Hiyo lishe msiidharau hata kama hamtengenezi stata, juisi ya epo haina naitrojeni ya kutosha na hamira ikikosa inatoa harufu ya yai viza. Dumu langu la tatu lilinuka hivo mpaka nikaulizwa kama kuna kitu kimekufa nyuma ya kabati. Halijaharibika, nikaweka lishe siku ya tatu, nikalikorogakoroga taratibu, harufu ikaisha ndani ya wiki.

Kwa ladha mi nimehamia S-04, inabakisha utunda kidogo, EC-1118 inakausha kila kitu ukapata kitu kikavu cha kishampeni, wapo wanaokipenda. Hamira ya mkate nilijaribu mara moja, inafanya kazi, ila haitulii chini na unakunywa kitu chenye kumbukumbu ya andazi. Na kwa vile juisi za dukani hazina ule ukakasi, kikombe cha chai ya rangi nzito kabisa kwenye lita 5 kinasaidia.

Sahivi dumu la tano limekaa kwenye 1.000 siku nne mfululizo bila kusogea, jana nikajaza chupa na gramu 6 za sukari kwa lita ili lipate gesi. Moja nimeiweka ya plastiki makusudi, naibonyeza kila asubuhi, ikishakuwa ngumu kama jiwe nazitia zote frijini kabla hazijanipasukia. Leo bado inabonyea.