qBittorrent kwa intaneti ya simu hapa Mtwara

Ninaitumia qBittorrent, programu ya kupakua faili vipande vipande kutoka kwa watumiaji wengine, hapa Shangani, kwa kompyuta mpakato inayopata intaneti kupitia simu, hasa kupakua mifumo ya Linux kama Ubuntu 24.04, ambayo faili lake linakaribia GB 6. Kinachonifanya niisifu programu hii ya bure ni namna inavyowatafuta wenye faili bila kutegemea seva moja ya katikati.

Kazi hiyo hufanywa na DHT, yaani jedwali la heshi (orodha ya nani ana faili gani) lililotawanywa katika kompyuta za watumiaji wenyewe, kwa kufuata Kademlia, mfumo uliobuniwa na Petar Maymounkov na David Mazières mwaka 2002. Kila nodi, yaani kila kompyuta iliyo katika mtandao huo, ina namba ya biti 160, na ukaribu wa nodi mbili hupimwa kwa kulinganisha namba hizo, wala si kwa kilomita, hivyo nodi iliyo karibu na ya kwangu huenda iko Brazili, na kila hatua ya utafutaji huweza kuchukua muda. Ndiyo maana naipongeza libtorrent, maktaba inayoendesha qBittorrent. Kwa kawaida kila kundi katika jedwali la njia (orodha ya nodi ambazo kompyuta yako inazijua) hubeba nodi 8 tu, lakini libtorrent hupanua makundi ya mwanzo yabebe nodi 128, 64, 32 na 16, ili utafutaji upite hatua chache zaidi. Kundi likijaa, nodi inayochelewa kujibu huweza kutolewa ikaingia inayojibu upesi. Kwa mtandao wa simu, ambao huku jioni huwa mzito, faida hiyo ni kubwa.

Ukiifungua programu, tazama chini ya dirisha: idadi ya nodi za DHT hupanda hadi mamia. Umeme ukikatika na kurudi, haianzi upya kabisa, kwa kuwa huhifadhi nodi ilizokwisha kuzijua.

Lawama yangu ni kuhusu bando. DHT huendelea kutuma na kupokea ujumbe mdogo mdogo hata pasipo upakuaji, na programu hupakia vipande kwa wengine ilhali, katika mitandao mingi ya simu, kompyuta za nje haziwezi kuanzisha mawasiliano na yako. Mwenye bando la siku aweke kikomo cha upakiaji, na akimaliza aizime programu yenyewe, kwa sababu kwenye Windows kufunga dirisha pekee huiacha ikiendelea kufanya kazi pembeni mwa saa.