Intaneti isiyo na waya kijijini: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Kampuni tatu zikifika kijiji kimoja, usianze kwa kulinganisha bei za bando. Uliza kila moja inarusha mawimbi kutoka mnara upi, na mnara huo nao unapata intaneti kwa njia ipi. Si ajabu ukakuta mbili zimepanga mnara mmoja na zinanunua uwezo kwenye njia ileile ya kwenda mjini. Njia hiyo ikikatika, zote zinazimika pamoja, na wewe uliyehama kutoka moja kwenda nyingine umebadilisha jina kwenye risiti tu. Kwa mnunuzi, ushindani uko pale njia zinapotofautiana. Kwa kigezo hicho, mimi napanga hivi.

Ya kwanza: kampuni ndogo yenye mnara unaouona. Fundi wao anafunga antena juu ya paa lako na kuielekeza kwenye mnara wao, mara nyingi kwa mawimbi ya masafa (frikwensi) ya gigahezi 5. Mnara ukiwa wazi, hakuna cha kuishinda: data huenda na kurudi ndani ya milisekunde chache, simu za video hazigandi, na bando lisilo na kikomo si jambo la kubembelezea.

Shida iko kwenye huo uwazi. Gigahezi 5 haipendi majani, hasa yakiwa yamelowa mvua. Panda juu ya paa mwenyewe uangalie, na usiridhike kwa kuona ncha ya mnara. Mawimbi yanahitaji nafasi kuzunguka mstari wa macho: mnara ukiwa kilomita 5, katikati ya njia unataka kama mita 5 tupu kila upande. Mti ambao leo uko chini kidogo ya mstari huo, baada ya misimu miwili utakuwa ndani yake. Fundi anayekuambia "itashika tu" bila kupanda juu, mwache aende.

Kisha tafuta jirani aliyeunganishwa tayari, umwombe apime kasi saa mbili usiku. Saa nne asubuhi kila mtandao ni mzuri. Usiku ndipo wateja wote wanagawana uwezo mmoja, na ndipo utajua kampuni imeuza kupita kiasi au la. Uliza pia mnara una betri za saa ngapi umeme ukikatika.

Ya pili: setilaiti za karibu, kama Starlink. Zinazunguka takriban kilomita 550 juu ya dunia, na dishi halihitaji mnara wowote kijijini. Ndiyo maana kuja kwake kunawatikisa wenye minara: njia yake haipiti kwao. Inachotaka ni anga wazi na umeme. Hapo kwenye umeme wengi hawapigi hesabu. Dishi linalokula wati 75 likiwaka mchana na usiku linamaliza karibu uniti 2 kwa siku; kama nyumba yako inategemea sola, bei ya dishi ni mwanzo tu, betri zinakusubiri. Ningeiweka ya kwanza bila kusita pale ambapo vilima vimeziba minara yote.

Ya tatu: ruta ya 4G, yaani kifaa chenye laini ya simu kinachosambaza intaneti nyumbani, yenye antena ya nje. Hii ndiyo rahisi kuihama, mradi ununue ruta isiyofungwa kwa mtandao mmoja. Ukichoka unachomoa laini, unachomeka nyingine. Masafa ya chini, megahezi 700 hadi 900, hufika mbali kuliko yale ya juu, kwa hiyo hakikisha ruta na antena vinayapokea. Ndani ya nyumba ya bati ruta inaweza kusoma nguvu ya mawimbi hasi 112, ambayo ni hoi. Toa antena nje, inyanyue juu ya paa, igeuze polepole huku mtu akisoma namba; ukifika hasi 95 au karibu zaidi na sifuri, kaza skrubu. Lakini soma masharti ya "bila kikomo". Mara nyingi baada ya gigabaiti kadhaa kasi inabanwa hadi hata video haifunguki.

Ya mwisho: setilaiti za mbali. Ziko kilomita 35,786 juu, na data ikienda na kurudi inatumia zaidi ya nusu sekunde. Barua pepe sawa. Mazungumzo ya video mtaingiliana kila sentensi. Nunua tu kama tatu za juu zimeshindikana.

Kabla ya kusaini, uliza antena ni ya nani ukivunja mkataba na utatozwa nini. Kama unaweza kulipa mwezi kwa mwezi, hata kwa bei ya juu kidogo, chukua hiyo. Kampuni inayojua unaweza kuondoka mwezi ujao hupokea simu mapema.