Shati la mtumba au shati jipya la dukani?

Kwa anayefanya kazi Dodoma, swali hili hurudi kila mwisho wa mwezi: uende soko la Sabasaba ukachague mtumba, au uingie dukani ununue shati jipya la bei hiyohiyo?

Mimi nasimama na mtumba, na sababu yangu kubwa ni kitambaa. Mashati mengi mapya ya bei ya chini ni poliesta, uzi unaotokana na mafuta ya petroli. Haunyonyi jasho, na kwa jua letu la Oktoba hilo ni adhabu. Kwenye mtumba bado unapata pamba tupu, mshono mara mbili, kola iliyosimama. Tena shati hilo limeshafuliwa mara nyingi. Kama lingechuja au kurudi, lingekuwa limeshafanya hivyo. Kagua kwapa na kola kabla ya kulipa.

Dukani unapata saizi yako bila kuinama juani, na ukitaka mashati matano yanayofanana, mtumba hauwezi kukusaidia.

Wanaotetea viwanda vyetu vya nguo wana hoja nzito. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuzinyima nafuu za AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, na Tanzania ikalegeza msimamo. Inauma, kwa sababu pamba inalimwa Simiyu na Shinyanga. Lakini shati la poliesta kutoka China nalo halimnufaishi mkulima wa pamba. Anayetaka kumuunga mkono anunue kitambaa cha pamba kilichofumwa nchini, ampelekee fundi.