Bagratuni na Artsruni: nani ana babu wa kuaminika zaidi?

Bagratuni na Artsruni ni koo mbili za watawala wa Armenia ya zamani. Nasaba zote mbili zimo katika historia ya Movses Khorenatsi, ambaye jadi humweka karne ya 5. Kwa Bagratuni, anasema Hrachya, mtawala wa Armenia, alimwomba Nebukadneza mateka mmoja wa Kiyahudi, Shambat, akamleta Armenia. Bagarat wa ukoo huo akapewa haki ya kumvika mfalme taji. Haki hiyo ni ya kweli kihistoria. Shambat hana ushahidi wowote nje ya hadithi. Isitoshe, Khorenatsi mwenyewe anawaonya wasomaji wasiwaamini wanaodai ukoo huo ni uzao wa Hayk, babu wa Waarmenia katika hadithi, dalili kwamba ubishi ulikuwepo tangu zamani.

Artsruni, wanaodai kutokana na wana wa Senakeribu, wana mahali pa kushika. Fungua 2 Wafalme 19:37: Adrameleki na Shareza wanamuua baba yao, Senakeribu wa Ashuru, kisha wanakimbilia nchi ya Ararati, yaani eneo la Armenia. Mauaji hayo yalitokea mwaka 681 KK, na maandishi ya Mesopotamia yanamtaja muuaji, Arda-Mulissu. Kasoro iko mbele: kutoka kwa watoro hao hadi Artsruni wa kwanza wanaojulikana kuna karne nyingi zisizo na jina hata moja la kuthibitishwa. Ukoo wenyewe haukujali pengo hilo. Mfalme wao aliyeikabidhi Vaspurakan, ufalme wa ukoo huo, kwa Bizanti mwaka 1021 aliitwa Senekerim, yaani Senakeribu, jina la babu aliyeuawa na wanawe.

Kwa tukio la mwanzo, Artsruni wanashinda. Kwa mnyororo wa vizazi, wote wameanguka.