Soksi za kubana au bandeji ya kuvutika?

Kwa mtu anayesimama kutwa na jioni miguu imevimba, mimi nachagua soksi. Zimefumwa zibane zaidi kwenye kifundo cha mguu na kulegea kadiri zinavyopanda, hivyo husaidia damu kurudi juu. Mkazo wa bandeji hutegemea mkono wa anayeifunga. Ikibana juu kuliko chini, uvimbe hubaki unyayoni.

Vaa soksi asubuhi kabla mguu haujavimba, ngozi ikiwa kavu. Igeuze ndani nje hadi kisigino, ingiza vidole, kisigino kikae mahali pake, kisha ipandishe kidogo kidogo kwa viganja. Usiivute kwa ukingo. Na tafadhali usiukunje ukingo huo hata ukizidi urefu: mkunjo hubana kama kamba. Usiku ivue, isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo.

Bandeji hufaa zaidi penye kidonda, au mguu unapobadilika ukubwa siku hadi siku, kwani soksi huchaguliwa kwa vipimo vya kifundo na shavu la mguu. Anzia karibu na vidole, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia.

Mwenye kisukari au mishipa ya ateri (inayopeleka damu kutoka moyoni) iliyoziba amwone daktari kwanza. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, vua mara moja.